Wifi Yangu na Sauti za Friji

Wifi yangu ni fundi wa friji. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiingia karakana na kumkuta ndani ya ovaroli la bluu, mfuko umetoboka kwa bisibisi, huwa wanaangaza macho huku na huku wakiuliza fundi yuko wapi. Yeye hainui hata uso. "Umeshafika kwake. Leta maneno."

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, na mtaani wanamwita Sikio. Jina hilo hakupewa bure. Mteja akipiga simu kulalamika, Sikio humwambia, "Hebu weka simu nyuma ya friji, halafu nyamaza." Anafumba macho, anasikiliza kama daktari aliyeweka chombo kifuani kwa mgonjwa. Kisha: "Hiyo ni relei, kile kidude kinachoiwasha mashine ya friji. Usihangaike kuibeba friji, nakuja na kipuri mfukoni." Au: "Hiyo haiumwi, imeegemea ukuta tu. Ivute mbele kidogo." Na inakuwa hivyohivyo alivyosema. Duka langu la kuchapa na kutoa kopi limepakana ukuta na karakana yake, kwa hiyo mengi ninayosimulia nimeyaona kwa macho. Mengine nimeyasikia kupitia ukuta, ambao si mnene.

Wazo la kutengeneza programu lilikuja na mdogo wangu wa mwisho. Yeye anaandika programu za kompyuta kwa ajili ya maofisi, na ni mtu wa kufikiri sana na kusema kidogo. Asubuhi moja alikuja kumletea Sikio chaja aliyoisahau nyumbani, akakaa kumsubiri amalize simu. Akasubiri simu tatu. Friji tatu, wateja watatu, na kila ugonjwa umetajwa hata chai ya saa nne haijafika.

"Shemeji," akasema, "hicho unachokifanya, simu inaweza kufundishwa ikakifanya."

"Ifundishwe na nani?"

"Na wewe. Mimi nitaandika programu, wewe utakuwa mwalimu wake."

Wakaanza. Kila Jumanne na Jumamosi walikaa nyuma ya karakana, kwenye meza ambayo zamani ilikuwa mlango wa friji, sasa imelazwa juu ya makreti mawili. Sikio alirekodi sauti ya friji mbovu, akaifungua, akaona tatizo kwa macho yake, akaandika jina la tatizo hilo. Mdogo wangu akailisha kompyuta. Baada ya miezi mitatu walikuwa na sauti mia moja na kumi, na programu iliyosema kila friji duniani ina kompresa iliyokufa, yaani ile mashine yenyewe ya kuleta baridi. Waliijaribu kwenye friji yangu ya soda, mpya kabisa, nayo ikatangaziwa msiba.

"Tunahitaji sauti nyingi zaidi," mdogo wangu akasema. "Maelfu."

"Mimi sina maelfu ya friji, shemeji. Wanazo watu. Basi tuwaambie watu tunachokifanya."

Mdogo wangu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Haijawa tayari! Watatucheka! Tena wajanja watachukua wazo, watengeneze lao, sisi tubaki tunapiga miayo. Mipango yake ilikuwa mwaka mzima wa kimya, halafu siku moja kuibuka na kitu kilichokamilika, kisicho na doa.

Sikio alimwacha amalize. Kisha akasema, taratibu, "Mimi nimefungua friji kwenye majiko ya watu. Mwenye nyumba ameshika kiuno, mama mkwe wake anauliza maswali, paka anapita miguuni. Sijawahi kuwaambia watoke nje mpaka nimalize. Nikikosea wananiona, nikipatia wananiona. Ndiyo maana wananiita tena."

Hawakuelewana siku hiyo. Ijumaa iliyofuata, Sikio akaja dukani kwangu akaniambia, "Wifi, hebu njoo unishikie simu." Nikafikiri anataka picha ya nguo. Akasimama mbele ya friji isiyo na mlango, akafuta mikono kwa kitambaa, akaanza kuongea bila hata kukohoa.

"Mimi ni fundi wa friji. Mimi na shemeji yangu tunatengeneza programu ya simu itakayosikiliza friji yako na kukwambia inaumwa nini. Kwa sasa haijui kitu. Leo nimeipa friji nne, imekosea zote nne, moja imesema imekufa na ilikuwa inagandisha maji vizuri. Nitakuwa nawaambia kila Ijumaa tumefika wapi. Kama friji yako inapiga kelele, nitumie kelele hiyo. Asante."

Video ile, aliyoiweka kwenye ukurasa wa karakana mtandaoni, ilitazamwa na watu thelathini na moja, tisa kati yao wakiwa wa ukoo wetu. Kaka yangu, yaani mume wake, aliandika chini yake, "Hongera mke wangu, ila hilo ovaroli nilikwambia ulishone." Huo ndio ulikuwa uzinduzi.

Mdogo wangu alikuja mbio, uso umemkunjamana. "Shemeji, umetuvua nguo!"

"Nimetuvua makoti tu," Sikio akamjibu. "Kaa chini tupange."

Wakapanga. Maandishi ya programu yenyewe hayataonyeshwa mtu. Lakini kila Ijumaa itasemwa kweli: kilichofanya kazi, kilichogoma, na kinachofuata. Idadi ya makosa itatajwa kwa namba, siyo kwa "tunaendelea vizuri". Mdogo wangu alikubali kwa shingo upande, kwa sharti moja, kwamba uso wake usionekane.

Sauti zikaanza kuingia. Mwanzoni mbili, tatu kwa wiki. Friji za wapangaji, za mabucha, ya kinyozi mmoja anayeweka humo sabuni zake, sikuuliza kwa nini. Sikio alisikiliza kila moja, akamjibu mwenyewe kwa sauti yake, akaiandikia jina la tatizo. Wiki ya saba mama mmoja akatuma sauti ya kunguruma yenye kupanda na kushuka. Programu ikaitafakari, ikajibu: kompresa imechoka, inahitaji kupumzika. Yule mama akaandika, "Huyo ni mume wangu amelala." Tukamwomba ruhusa, mume naye akaombwa ruhusa, na Ijumaa Sikio akaiweka hadharani pamoja na hesabu ya makosa ya wiki hiyo. Watu walivunjika mbavu. Wakatumiana. Mwisho wa mwezi tulikuwa tumepokea sauti mia sita, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu kututumia kelele ya jikoni kwake, kwa sababu sisi ndio tuliotangulia kuchekesha.

Lakini mchezo una siku yake ya kuacha kuwa mchezo. Programu ilipoanza kupatia mara nane katika kumi, waliwagawia watu arobaini waijaribu. Mmoja wao alikuwa muuza keki anayeishi upande wa pili wa mji. Jumatano moja akaandika kwenye ukurasa, mbele ya watu wote: "Programu yenu imeniambia friji yangu ni nzima. Leo krimu ya keki nne imeharibika. Mnafanya mzaha na kazi za watu."

Mdogo wangu alilisoma lile neno akiwa amesimama dukani kwangu. Niliona kidole chake kinaelekea penye kufuta. Sikio, aliyekuwa mlangoni, akamwambia, "Ukilifuta hilo, nifute na mimi." Hakupandisha sauti. Akaliacha lile lalamiko pale juu, akaandika chini yake, "Nakuja leo, mama, nielekeze," akachukua begi la vyombo. Na mimi nikafunga duka nikamfuata, maana nani angeshika simu?

Muuza keki alitupokea kwa salamu fupi na uso mrefu. Jiko lake lilikuwa safi, trei zimepangwa, na katikati bakuli la krimu iliyochacha, aliloliacha makusudi tulione. Sikio akampa pole, akaweka sikio kwenye friji. Akasikiliza muda mrefu. Sijawahi kumwona akisikiliza vile.

"Sauti yake ni nzima kweli," akasema. "Hata mimi ningesema ni nzima."

Kisha akaniomba kipande cha karatasi. Akakibana kwenye mlango wa friji, akafunga, akakivuta. Juu, karatasi ilikataa kutoka. Pembeni, ikakataa. Chini, kwenye kona, ikachomoka kama imepakwa mafuta. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa pale, baridi yote inatoka na joto linaingia, na friji inafanya kazi yake kwa uaminifu bila kulalamika.

Akamgeukia mwenye friji. "Naomba nirekodi hili, watu wajue. Ukikataa sitarekodi."

"Rekodi," muuza keki akajibu, "lakini hasira zangu usizikate."

Hazikukatwa. Kwenye video ile anasikika akieleza hasara yake mwanzo hadi mwisho, na Sikio amesimama kando anaitikia. Halafu Sikio anaonyesha jaribio la karatasi na kusema, "Programu ilisema nzima, na mwalimu wa programu ni mimi. Kosa ni letu. Kuanzia wiki ijayo, kabla ya kusikiliza, itakuuliza kwanza kuhusu karatasi." Akabadilisha mpira palepale. Siku sita baadaye swali la karatasi lilikuwa ndani ya programu. Wa kwanza kulijaribu alikuwa yule muuza keki, ambaye tangu hapo hajatuacha tupumue: herufi ndogo mno, kitufe kimejificha, maneno haya hayaeleweki, nani kawaambia watu wote wanajua relei ni nini? Mdogo wangu alikuwa akiona ujumbe wake anashusha pumzi, kisha anarekebisha, kwa sababu kila mara ulikuwa wa kweli.

Yale aliyotuonya mdogo wangu kuhusu wajanja pia yalitokea, nisimnyime haki yake. Ulizuka ukurasa wenye picha za kupendeza, programu ya kusikiliza friji, maneno mengine yamenakiliwa kutoka kwetu neno kwa neno. Mdogo wangu akaja amepauka. "Nilisema au sikusema?" Sikio akaipakua, akaisikilizisha friji mbovu iliyokuwa mbele yake. Ikazunguka, ikazunguka, ikajibu: wasiliana na fundi aliye karibu nawe.

"Basi wametuletea wateja," Sikio akasema, akarudi kulehemu bomba.

Aliyemtikisa Sikio kweli alikuwa mtu mwingine. Fundi mzee wa mji wa mbali aliandika kwamba sauti mojawapo tuliyoiweka hadharani, ambayo Sikio alikuwa ameiita relei, siyo relei hata kidogo. Ni kompresa yenyewe imekwama. Sikio akabisha. Mzee akabisha zaidi. Kwa kuwa sauti ile ilikuwa imetumwa na mtu wa hapahapa mjini, Sikio akatangaza kwamba ataifungua friji hiyo mubashara, na mzee awepo kwenye simu. Walitazama watu mia nane na zaidi. Akaitoa relei, akaiwasha kompresa moja kwa moja kwa waya wa kupimia. Kompresa ikanguruma, ikajikaza, ikazima. Akarudia. Vilevile, na relei haikuwepo tena ya kulaumiwa.

Akaiweka relei mezani, akaigeukia simu.

"Mzee," akasema, "umenifunga."

"Sikukufunga, binti yangu," sauti ya mzee ikatoka. "Hata mimi ilinichukua miaka kuzitofautisha. Sikiliza mwanzo wake, siyo mwisho."

Sikio alirudi kwenye sauti zote alizokuwa amezitambua kwa kusikiliza tu bila kufungua friji. Ilimchukua siku nne. Kumi na nne alikuwa ameziita jina lisilo lake. Ijumaa akazitaja zote. Mzee akaanza kutuma sauti zake, kila moja na maelezo marefu kama barua ya posa, na mafundi wengine wanne wa miji mingine wakafuata. Programu ikapanda mpaka kupatia mara tisa katika kumi.

Waliifungua kwa kila mtu Jumanne, saa tatu asubuhi. Hakukuwa na sherehe; kulikuwa na friji mbili za kutengeneza. Kufikia saa tano ilikuwa imepakuliwa na watu mia tatu. Kufikia saa sita watu ishirini walikuwa wanalalamika kwamba kwenye simu zao haisikii kitu. Mdogo wangu akavuta kiti, akatafuta, akagundua kwamba kuna simu zinazorekodi sauti kwa chini sana. Saa kumi marekebisho yakatoka.

Sikio alikuwa chini ya friji ya hoteli, mikono imejaa grisi. "Shemeji, leo nenda wewe ukawaeleze."

Tukasubiri akatae. Akasimama, akanyoosha shati, akaja mbele ya simu yangu. Akaeleza walikosea wapi, simu zipi zimeathirika, wamerekebisha nini, na nani aliyewajulisha tatizo. Dakika nne, bila kusitasita, uso wote unaonekana. Hata mimi dada yake nilishangaa ametoa wapi maneno yote yale.

Nilikuwa nimesahau kubonyeza kitufe cha kurekodi. Ikabidi arudie tangu mwanzo.