Teke la Bunduki Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bunduki kubwa kuliko zote ghalani, nikaambiwa nipige risasi moja kwenye kichuguu. Nilikuwa kijana mwembamba kutoka Kisesa, sare yangu bado ina mikunjo ya stoo. Ofisi yetu ya wanyamapori ilikuwa Pasiansi, na upepo wa ziwa ulitufikia ukiwa na harufu ya dagaa.

Nyuma yangu alisimama Mtunza Ghala, mzee wa Kisukuma asiyepandisha sauti. Nilidhani anatazama shabaha. Kumbe alikuwa anautazama uso wangu.

"Kaza kitako begani," alisema. "Ukikiachia nafasi, kitakuja chenyewe."

Nikafyatua. Bunduki kubwa ina teke, yaani inaporusha risasi mbele, yenyewe inarudi nyuma kwa nguvu ileile. Nilikaa chini bila kupenda. Masikio yalikuwa yanalia, bega linawaka, na pale palipokuwa na kichuguu vumbi jekundu lilikuwa limesimama hewani. Nikacheka. Kicheko kilinitoka kabla sijajua kwamba nacheka.

"Umecheka," alisema mzee.

"Samahani, mzee. Imenishtua."

"Aliyeshtuka humwita mama yake. Wewe umecheka kama mtu aliyeonja asali. Utakaa na mimi hapa ghalani. Hii utaisafisha. Hutaipiga."

Ndivyo alivyowachambua watu. Waliolaani, wakasugua bega na kuomba wasirudie, aliwapa bunduki ile waende nayo vijijini. Waliocheka aliwaweka karibu, mahali ambapo jicho lake lingewafikia. Nilimwona mzee mwenye wivu. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba alikuwa ananishuku, na kwamba alikuwa na haki.

Niwaeleze kazi yenyewe. Watu walituita mabwana nyama, lakini hatukuwa wawindaji. Kiboko akiingia kwenye mpunga, au mamba akijizoeza kukaa mahali ambapo akina mama wanachota maji, kijiji kilileta taarifa, nasi tukaenda. Tulianza kwa kufukuza, kwa debe na moto. Kuua kulikuja mwisho. Kwa hilo tulikuwa na nne-tano-nane, bunduki ambayo jina lake ni kipimo cha upana wa mtutu. Risasi yake ni nene kama kidole gumba cha mkulima, na ni risasi ngumu: haifumuki inapogonga, inapita kwenye mfupa na kuendelea na safari.

Mzee alikuwa na njia nyingine ya kuchunga watu. Askari akirudi kutoka kijijini, alimpokea mlangoni kwa kofi kwenye bega la kulia. "Pole na safari!" Aliyepiga bunduki kubwa aliruka, maana bega linabaki na maumivu siku mbili tatu. Kama alikuwa amesema hakupiga, hapo maswali yalianza.

"Mbona unaruka, afande? Umekalia siafu?"

"Nililala vibaya, mzee."

"Ulilala na nani? Na kitako cha bunduki?"

Tulicheka sote, na mwenye bega alicheka kidogo kuliko wengine.

Miaka ikapita nikiwa na kitambaa na mafuta. Sitawadanganya: niliipenda ile bunduki. Mchana, mzee akienda kula, niliinyanyua ikiwa tupu, nikaegemeza shavu kwenye mti wake wa baridi, nikalenga dirisha. Mtu mwenye mshahara mdogo, anayesema "ndiyo, afande" kutoka asubuhi hadi jioni, anakunja kidole kimoja na kilima kinapasuka. Utamu ndio huo. Anayekuambia anaipenda kwa sababu ya ufundi wake au kwa usalama wa watu, msikilize kwa adabu, kisha mtazame machoni.

Nilipohamishiwa Magu niliuona utamu huo kwa mkubwa wangu. Bwana Nyama wa wilaya aliibeba nne-tano-nane kila alikokwenda. Kabla yake, nyani wa Magu walikuwa wezi wa mahindi. Alipofika wakawa hatari kwa maisha ya binadamu. Nyani akipigwa na bunduki ile habaki wa kuonyesha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubishana na taarifa zake. Nilianza kuamini kwamba mnyama hukua kulingana na bunduki ya mtu anayemtazama.

Kisha nikapelekwa Kigongo. Siku hizi pana daraja, wakati ule tulivuka kwenda Busisi kwa kivuko. Kituo chetu kilikuwa vyumba viwili juu ya ufuo. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa utani mwingi na uchunguzi mchache. Rafiki yake mkubwa alikuwa mwenye kiwanda cha pamba, aliyeitwa na kila mtu Tajiri. Tajiri alikuwa na leseni ya bunduki ya mitutu miwili, mipana kuliko ya nne-tano-nane yetu, iliyochongwa maua kwenye chuma. Alikuwa na bunduki ya kuulia tembo mahali pasipo na tembo.

Msimu mmoja kiboko dume alianza kutembelea mashamba ya mpunga ya ufuoni. Kwa wiki moja tulimfukuza kwa madebe. Jumatatu asubuhi Tajiri akafika na sanduku lake la ngozi.

"Nimemruhusu atusaidie," alisema Mkuu.

"Afande, kiboko yuko majini. Akiwa majini hamsumbui mtu."

"Wewe ni fundi wa kusafisha. Safisha."

Kiboko alikuwa ametoa masikio na macho tu. Tajiri alipiga mara moja. Mlio ulivuka hadi Busisi na kurudi. Kiboko akazama, duara za maji zikatanuka, basi. Tulingoja mpaka jua likawa kichwani. Kiboko aliyekufa huzama, kisha baada ya saa chache huelea. Huyu hakuelea.

"Nimemkosa," alisema Tajiri akipangusa miwani.

Kwetu kulikuwa na sheria isiyo na mjadala: ukimjeruhi mnyama, unamfuata mpaka umalize. Kiboko aliyekoswa huhama. Kiboko mwenye jeraha hujificha kwenye matete ya pembeni na kumvamia kila anayepita. Kwa hiyo neno "nimemkosa" lilikuwa na uzito. Kama lilikuwa kweli, watu warudi mashambani. Kama lilikuwa uongo, lilimwokoa Tajiri na siku nne za kutembea kwenye matope akifuata damu, na likamwacha mtu mwingine alipe.

Jioni ile alinijia Mama Kabula, mjane aliyekuwa na jaruba mbili za mpunga, vishamba vilivyozungushiwa tuta, pembeni kabisa ya matete. Mpunga wake ulikuwa umeiva, na ndege walikuwa wameanza kushuka. Chakula chake cha mwaka kilikuwa pale, pamoja na cha binti yake Kabula.

"Bwana nyama, niambie bila kuzunguka. Nirudi shambani au nisirudi?"

"Subiri, mama. Kuna jambo siliamini."

"Ndege hawasubiri."

"Alhamisi nakwenda kwa Tajiri kumsafishia bunduki. Nitamwuliza uso kwa uso. Saa nane mchana nitakuwa hapa na jibu."

"Saa nane," alisema. "Nitakaa na Kabula nyumbani mpaka saa nane."

Alhamisi Tajiri alinipokea kwenye bustani yake inayoshuka hadi ziwani. Niliisafisha bunduki yake taratibu kuliko ilivyohitaji. Nilipomaliza, nikamwuliza kuhusu kiboko. Alitoa risasi kwenye kiboksi, akaziweka mezani moja moja, kama mtu anayemkaribisha mgeni karanga.

"Umezisafisha bunduki maisha yako yote," alisema. "Umepiga ngapi?"

"Moja tu."

"Masikini wee. Lenga gogo lile linaloelea."

Nililenga. Nilikosa gogo kwa hatua mbili, na mahali risasi ilipoingia maji yaliruka juu kama mti mweupe, yakasimama, yakaanguka. Hapo hapo nikajua. Jumatatu maji hayakuruka. Palikuwa na mlio na duara tu, na chini ya mlio ule, sasa nilikumbuka, sauti nzito kama ya gunia la mpunga lililoangushwa sakafuni. Risasi ya Tajiri haikuingia majini. Iliingia kwenye nyama.

Nililijua hilo kwa risasi ya kwanza. Ilikuwa inakaribia saa nane. Nikaomba ya pili.

Nikaomba ya tatu. Ya tatu ilipasua gogo, nikacheka, Tajiri akacheka, akaagiza soda, nikanywa. Bega liliwaka kwa raha. Nilipofika kituoni ilikuwa saa kumi imepita.

"Afande, alimpiga," nilimwambia Mkuu. "Maji hayakuruka siku ile. Ufuo ufungwe."

Mkuu akanyoosha mkono, akanipiga kofi begani. Niliruka.

"Aha," alisema. "Bunduki ya raia. Bila kibali. Na wewe ndiye unayenifundisha kazi?"

"Niandikie barua, afande. Lakini nipe nne-tano-nane."

"Kwa hiyo sasa umeonja, unataka mnyama kabisa."

Alikuwa amenishuku mahali penyewe. Hata mimi, nikiwa nimesimama pale, sikuweza kuapa kwamba naomba bunduki kwa ajili ya mjane peke yake. Sijui alichoona usoni mwangu, lakini alifungua kabati akanipa bunduki na risasi mbili. "Ukirudi, naandika."

Mama Kabula alikuwa uani anapepeta.

"Kabula yuko wapi?"

"Mkuu wako alipita asubuhi, akasema kiboko amekoswa, turudi. Nikasema hapana, nina ahadi ya mtu. Nimekungoja mpaka saa tisa. Ameenda."

Nilikimbia, naye akakimbia nyuma yangu akiita jina la mwanawe. Kabula alikuwa ameinama katikati ya jaruba, kisu mkononi, amejifunga kanga kichwani. Alisikia sauti ya mama yake akainuka, akaanza kuja. Matete yalifunguka nyuma yake. Kiboko akitoka kwa hasira hangurumi. Unasikia miguu tu kwenye tope, miguu mingi kuliko minne. Kabula aliruka tuta, akaanguka upande wetu. Nikapiga. Risasi ya kwanza ilimpigisha kiboko magoti, ya pili ikammaliza hatua saba kutoka kwenye tuta.

Alikuwa na jeraha la zamani chini ya jicho, tundu pana kuliko la risasi zetu, lenye usaha na inzi. Siku nne alikuwa amebeba maumivu yale ndani ya matete, hatua chache kutoka kwenye mpunga.

Kabula alikuwa mzima. Mama yake alimpapasa mikono, miguu, kichwa. Kisha akanigeukia.

"Ulijua saa ngapi?"

Ningeweza kusema, "Sasa hivi."

"Saa nane, mama."

"Na mpaka saa kumi ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Bunduki, gogo, soda, vyote. Hakunitukana. Ningefarijika kama angenitukana.

Barua ilikuja. Tajiri hakuulizwa kitu. Leseni yake aliendelea kuwa nayo. Mimi niliondolewa kwenye silaha, nikamaliza utumishi wangu nikiandikisha taarifa za vijiji, na nikastaafu salama. Sasa vijana wananijia hapa Kisesa na simu zao, wananionyesha watu wanaofyatua mitutu minene kama bomba la maji na kuanguka huku wanacheka. "Babu, ni tamu?" Nawaambia ni tamu. Mtu anayewaficha hilo hawezi kuwalinda. Wengine wanataka niwasaidie kujaza maombi ya leseni. Nawauliza wanataka kumpiga nini. Wanataja kwanza bunduki, halafu wanatafuta mnyama.

Na wakiniuliza kama bado naikumbuka kazi, nakumbuka siku mbili zilizofuata barua ile. Palikuwa na mpunga wa kuvuna, na Mkuu alinituma nilinde wavunaji, mikono mitupu, na filimbi shingoni. Mama Kabula alinionyesha mahali pa kusimama, juu ya tuta, mbele yake.

"Simama hapo ninapokuona," alisema.

Akavuna jaruba zote mbili, ziwa likiwa mgongoni kwake, akinitazama mimi.