Albamu Mbili na Kiitikio cha Moina

Siku yangu ya kwanza redioni sikupewa kipaza sauti, nilipewa kitambaa. Fundi Mitambo, mtu mfupi ambaye miwani yake ilishikiliwa kwa uzi, alinionyesha rafu za santuri akaniambia nipanguse vumbi na nisikilize. Tulikuwa tumerudi Moroni, mji mkuu wa Komoro, kutoka Unguja, wazazi wangu wakiwa Wangazija, na Kiswahili changu kiliwachekesha wote pale. Ndicho ninachoandikia sasa, kwa sababu wajukuu zangu wengi wako huko, na hakuna anayejua bibi yake alifanya kazi gani.

Nilifanya kazi ya kusikiliza. Mnaodhani hiyo si kazi, jaribuni kuisikiliza albamu msiyoipenda, mwanzo hadi mwisho, tena na tena, halafu mseme haki juu yake. Fundi Mitambo alinifundisha kuitazama sindano, ile inayocheza kwenye kioo cha mashine kuonyesha nguvu ya sauti. Kabla ya kulinganisha nyimbo mbili, sharti sindano ifike mahali pamoja kwa zote.

"Bweni Shamsia," aliniambia, maana kwetu mwanamke huitwa Bweni na mwanamume Monye kwa heshima, "mwenye kelele nyingi siku zote huonekana ndiye bora. Washushe wote wawe sawa. Hapo ndipo utajua nani ana neno."

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Mkuu wa Kituo, mzee aliyevaa koti hata kwenye joto la kupasua kichwa, hakujali sana habari za sindano. Yeye alitaka nianze na kiitikio, yale maneno yanayorudiwa kati ya beti. "Mistari mtu ataisahau," alisema. "Kiitikio ndicho atakachokiimba mwanamke jikoni. Kikiwa kibovu, usinisumbue na mengine." Nilimwona mjuaji kupita kiasi, lakini nimefanya kazi kwa maneno yake maisha yangu yote.

Hip hop ilitujia kwenye kanda za jeviens, jamaa zetu wa Marseille wanaokuja likizo na masanduku mazito. Wakubwa waliidharau, na kwa kuwa waliidharau walinipa mimi. Ndivyo nilivyowajua Jiwe na Anfani. Jiwe alikuwa wa Ikoni, mji ulio karibu na Moroni, Anfani wa Mutsamudu. Walianza pamoja wakiwa wanafunzi Moroni, wakigawana kipaza sauti kimoja, mpaka walipogombana jina la nani litangulie kwenye kanda. Tangu hapo kila mmoja akitoa albamu, mwenzake hutoa yake.

Ugomvi ulikuja umechelewa, maana Anfani alikwisha kumwoa Moina, dada yake Jiwe. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, na mama yao alikuwa amemjengea Moina nyumba Ikoni, mawe kwa mawe, kama inavyompasa mama. Moina akaiacha imefungwa, akamfuata mume Mutsamudu. Walikuwa jirani zangu huko. Nilimsikia akiimba kwenye harusi za wanawake, sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na singeweza kuichanganya na ya mtu mwingine. Mama yake hakulizoea jambo lile. Kila nilipokuja Moroni aliniuliza, "Binti yangu anakula?"

Ndzuani ilipojitenga na visiwa vingine mara ya pili nilikuwa nimekwisha kurudishwa Moroni, na nilikuwa na kipindi changu cha kupima albamu kila Ijumaa baada ya sala. Boti zilisimama. Simu zilikatika. Mama yake Moina alikaa miezi bila kujua mwanawe mzima au la. Na wale vijana wangu wawili, sasa wazee wa hip hop wenye vitambi na mvi, wakatoa albamu msimu ule ule, kama kawaida yao.

Ya Jiwe ilifika kwa mkono wake mwenyewe. Ya Anfani ilikuja na msafiri aliyezungukia kisiwa cha Mahore, diski imefungwa kwenye kanga. Nilizisikiliza zote mbili mchana mmoja, sindano sawa. Jiwe alichanganyiwa sauti Marseille. Besi yake ilitikisa kikombe changu cha chai. Alijisifu kwa harusi kubwa aliyoifanya, ile tuiitayo anda, na ng'ombe, na dhahabu, na alighani mbio mbio kama mzee anayepanda ngazi kwa haraka ili watu wasiseme amechoka. Anfani alirekodi kwenye chumba huko Mirontsy, kando ya Mutsamudu, magodoro yameegemezwa ukutani, na jenereta inasikika chini ya kila wimbo. Alikuwa amepunguza mwendo. Alighani juu ya unga uliokosekana na foleni ya mafuta, bila kumtukana mtu.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho, na kwenye kiitikio alikuwa Moina. Nilisimamisha mashine nikalia, na sioni aibu kuyasema.

Nilipokwenda kuomba ruhusa ya kuipiga, Mkuu wa Vipindi alinyoosha mkono akachukua diski.

"Watu wana ndugu zao jeshini wanaosubiri kuvuka, Bweni Shamsia, na wewe unataka kuwapigia Mndzuani?"

"Anayeimba ni binti wa Ikoni, Monye. Mtoto wa mji wako mwenyewe. Mama yake hajamsikia tangu boti zisimame."

"Sema kwa mdomo kwamba Jiwe ameshinda. Yatosha." Akaifungia diski kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni. Alikuwa na woga, si ukatili. Nimefanya kazi chini ya watu wengi wenye woga, na wanachosha kuliko wakali.

Jioni ile nilipanda teksi hadi Ikoni nikamweleza Jiwe. Kisha akauliza, "Anfani amefanya kazi nzuri?"

"Nzuri sana."

"Kuliko yangu?"

"Utasikia Ijumaa, kama Mkuu ataruhusu ipigwe."

Sasa hapa msioijua Ngazija mnisikilize. Mwanamume aliyetimiza anda ni mtu mzima. Ana kiti bangweni, pale uwanjani mji unapokutana, na neno lake hutangulia. Asiyetimiza, hata awe na mvi na shahada na gari la serikali, ni mtoto wa mji. Mkuu wa Vipindi alikuwa mtu wa Ikoni, na harusi yake kubwa alikuwa akiiahirisha mwaka baada ya mwaka. Jiwe, aliyekuwa akivaa suruali zinazoanguka, alikuwa ameifanya yake.

Ijumaa Jiwe alikuja ofisini kwa joho na kilemba, ameongozana na wazee wawili wa mji. Mkuu wa Vipindi aliinuka akampisha kiti chake mwenyewe. Hakuwa na la kufanya.

"Nimesikia leo napimwa," Jiwe akasema kwa upole. "Na ninayepimwa naye yuko wapi?"

"Monye, hali ya nchi..."

"Mimi sishindani na mtu aliyefungiwa kwenye droo. Mtoe. Na umpige yeye kwanza, mimi nitafuata."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ufunguo ukatoka mfukoni.

Nilipiga wimbo mmoja wa Anfani, mmoja wa Jiwe, zamu kwa zamu, sindano pale pale, hadi ule wa mwisho. Moina alipoanza, Jiwe alikuwa amekaa mbele yangu studioni. Alifunika uso kwa ncha ya joho. Kisha nikatoa hukumu: albamu ya Anfani ni bora, kwa sababu amejua umri wake na amejua anasema na nani. Nilisema hayo hewani, Moroni, mwaka ule. Jiwe aliomba kipaza sauti.

"Nimeshindwa na shemeji yangu," alisema, "sikushindwa na kisiwa."

Kesho yake alinipigia simu. Nilidhani amekasirika. Alisema mama yao amesikia, na hajauliza nani kashinda. Ameuliza swali moja tu: "Wale wanaume wananyamaza lini, nimsikie mwanangu?"

Kwa hiyo nikafanya kazi ambayo hakuna mkubwa aliyeniagiza. Nilikata kiitikio peke yake, nikakiunga na kiitikio, na tena na tena, mpaka kaseti ikajaa upande mmoja, Anfani hayumo, Jiwe hayumo, jenereta tu na Moina. Nilimpelekea mama yao Ikoni. Aliipokea kwa mikono miwili, akanipa chai, akaniomba nimwonyeshe kitufe cha kurudisha nyuma.

Wiki ile Mkuu wa Vipindi alinihamishia stoo ya kanda. Huko nilikaa hadi kustaafu, nikipangusa vumbi kwa kitambaa kama siku ya kwanza. Hawakunifanyia hafla, nami sikuitaka. Nilikuwa nimechoka, mwili na masikio.

Boti zilirudi, lakini mama hakuzisubiri. Moina aliposhuka bandarini alikuta kaburi lililokwisha kuota majani. Alifungua nyumba aliyojengewa, akaniita, tukakaa sakafuni na redio ya mama yake, kaseti imo ndani.

Kanda huchakaa mahali inapopitishwa mno. Kichwa cha mashine huila sauti kidogo kidogo. Upande wa pili, ambao sikurekodi kitu, ulikuwa mpya kabisa. Upande wa kwanza tulisikia mvumo, kama mchele unaopepetwa, na ndani yake, mbali sana, mtu anaimba. Moina aliinama akaweka sikio kwenye spika.

"Mbona sijisikii?" akauliza. "Nani kaniharibu hivi?"

Nikamwambia, "Mama yako. Amekusikiliza."