Sura ya Kungojea Lori

Niliondoka Boito asubuhi bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu mwenyewe sikujua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, na wachumaji walionekana kuanzia kifuani kwenda juu, kama watu wanaooga mtoni. Nilikuwa na begi, sweta na kitabu. Kaka yangu alinisikia nikifungua lango, akauliza kutoka kwenye zizi la ng'ombe, "Unaenda wapi tena?"

"Nanyoosha miguu."

Alicheka. Anaijua miguu yangu. Ilishanyooka mpaka Naivasha, ikanyooka mpaka Kitale.

Kilichonitoa nyumbani ni kitabu hicho, au tuseme ni sura moja ambayo haimo ndani yake.

Kwetu, ukishachuma majani unayapeleka kwenye banda lililo kando ya barabara, karani anayapima, halafu mnangoja lori la kiwanda. Lori lina saa zake. Mvua ikinyesha linakwama kwenye tope huko chini, na majani yakikaa sana yanapata joto, yanageuka mekundu na kukataliwa. Kwa hiyo hakuna anayeondoka kabla majani yake hayajapakiwa. Watu wanakaa juu ya vikapu vilivyopinduliwa, wanapiga domo, wanasinzia.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeanza kusoma hapo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kazi haikupatikana. Kitabu alikiokota kwenye rundo lililotupwa na shule fulani, hakina jalada, na mpaka leo sijui aliyekiandika. Kinahusu mwanamke anayetoka kwao kumtafuta mume wake aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kimeandikwa kwa Kiswahili ambacho wazee wetu wengi hawakukifuata vizuri. Kwa hiyo dada alikuwa anasoma kwa macho na kusema kwa Kipsigis, bila kusimama, kama mtu anayemwaga maji kutoka sufuria moja kwenda nyingine.

Kilipoisha, wakamwambia aanze tena. Hakuna aliyeuliza kama kuna kitabu kingine. Nimewahi kukutana na watu wanaoona haya kusema wamerudia kitabu, kana kwamba wamekula mara mbili msibani. Pale bandani haya hiyo haikuwepo. Walitaka kujua kinachokuja, ndiyo raha yenyewe. Kulikuwa na kogo mmoja, nyanya wa jirani, ambaye kila mara mwanamke wa kitabu alipokaribia mto alimfokea, "Usivuke hapo! Si mwaka jana ulivuka ukaona?" Na kila mara alivuka.

Baada ya mto ndipo ilikuja sura ninayoisema. Mwanamke anafika kwenye nyumba moja akiwa amelowa. Mwenye nyumba, mama wa makamo, haulizi lolote. Anamkaribisha, anamtilia maziwa ya kibuyu, yale ya kwetu, mazito yenye mkaa, anampa kitanda. Mzee mmoja wa bandani alifurahi sana kusikia maziwa hayo. "Kumbe hata kwa mkonge Wakipsigis wako!" Asubuhi mgeni anashukuru, anasema hajawahi kupita nchi ile. Mwenye nyumba anamtazama. "Ulipita hapa," anamwambia. "Ulilala kitanda hiki hiki." Anaingia ndani na kutoka na leso. Mgeni anaikunjua na kuona pembeni tundu la moto, tundu alilolichoma yeye mwenyewe akiwa msichana.

Hapo lori lilipiga honi. Sikumbuki siku hata moja ambayo halikupiga honi hapo.

Dada alifariki mwaka ambao mvua ya mawe ilipiga vichaka vya chai vikabaki vijiti. Ugonjwa ulianza kama homa, ukashuka kwenye mapafu. Mimi niliacha shule darasa la saba, na kitabu chake ndicho cha kwanza nilichokisoma bila kuamriwa. Nilikisoma wiki aliyozikwa. Mwanamke alifika mtoni, akavua viatu, akavuka. Nikafungua ukurasa. Tayari alikuwa mjini, anauliza njia. Nikarudi nyuma, nikatazama namba za kurasa, nikapitisha kidole kwenye mshono kutafuta karatasi iliyochanika. Hakuna kilichochanika. Nyumba ile, maziwa yale, leso ile, yote aliyatoa kichwani ili watu wasiende kulalamika kwa karani wakati lori limekwama.

Tangu hapo nimekisoma kila nilikohamia. Nikipata chumba, kabla sijajua maji yanachotwa wapi, nakaa kitandani na kukifungua kwenye ukurasa wa mto. Nasikia sauti yake mpaka mwanamke anapovua viatu. Halafu nafungua ukurasa unaofuata, na sauti inakatika. Najua itakatika. Bado nafungua. Na kuna jambo ambalo nimeligundua polepole: kadiri ninavyorudia kitabu, ndivyo kilichochapishwa kinavyofunika kile alichosema. Siku hizi mgeni akiingia nyumba ile kichwani mwangu anaongea Kiswahili cha kitabuni. Kipsigis cha dada kinapotea neno moja moja.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikuwa bandani na kaka yangu. Lori lilichelewa, wakaniambia nisome. Nikasoma mpaka mjini.

"Weri, umeruka," akasema yule mzee wa maziwa. Weri ni mvulana. Nina mvi, lakini kwake ni mvulana.

"Sijaruka, mzee. Hapa inasema alifika mjini."

"Na ile nyumba?"

"Haimo."

"Haimo namna gani na tuliisikia wote? Umeng'oa ukawashia jiko huko unakotangatanga."

Watu wakacheka. Kijana aliyekuwa na simu akasema, "Si utafute kwa Google?"

"Yule mgeni alitoroka nyumba ile," akasema mwanamke aliyekaa karibu na mizani. "Alitoroka kabla ya asubuhi."

"Alitoroka wapi na alikaa hapo miezi?" mwingine akamjibu.

"Halafu mwenye nyumba alikuwa mwanamume," mzee akasema, bila wasiwasi wowote.

Sikuweza kucheka nao. Walikaa pamoja, wakasikia pamoja, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Yangu nayo ilikuwa inafifia. Niliona kwamba nisipompata mtu anayeikumbuka sawasawa, na kunieleza iliishaje, kitakachobaki cha dada ni kaburi na jina lake kwenye Biblia ya mama. Ndiyo sababu asubuhi sikuweza kukaa.

Pikapu ya maziwa ilinichukua mpaka Sotik. Nilikuwa natembea tu sokoni, nikitazama watu, mtu aliyepanga viatu vya mitumba juu ya gunia aliponiita, "Wewe wa Boito! Bado hujapata bibi?" Zamani alikuwa mpakiaji kwenye lori lile lile la majani. Nikakaa kwenye kiti chake cha wateja. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia hadithi ya dada.

"Nisikie saa ngapi? Sisi tukifika tunakuta mmekaa kama kanisani. Tunapiga honi, mnatuangalia kama tumefukua maiti." Akafuta kiatu kwa mkono wa shati. "Lakini karani wenu alikuwa anabaki na yeye tukishaondoka. Yule mama wa ziwani. Akifunga hesabu zake, dada yako anamsomea. Si yuko Chepilat? Alistaafu akajenga vyumba vya kupangisha."

Sikuwa nimemfikiria kabisa yule karani. Alitoka upande wa Kisumu, na Kipsigis alijua salamu tu. Nikatembea kwenda Chepilat. Si mbali, lakini nilikwenda haraka kama mtu aliyeitwa.

Vyumba vyake viko nyuma ya soko, safu moja ya mabati, na kila mlango umepakwa rangi ya bluu. Nilimkuta uani anachambua mboga, miwani imeshuka puani. Alinitazama kabla sijasema lolote.

"Hiyo paji ya uso naijua," akasema. "Wewe ni wa yule msichana wa kitabu. Kaa, nyathina, mtoto wangu. Pole. Nilisikia nikiwa nimeshahamishwa."

Nilikaa. Nikamuuliza nikiwa bado napumua kwa shida: sura ya nyumba baada ya mto, alisomewa iliishaje?

"Nyumba gani?"

Nikamtolea kitabu. Akafunua kwa kidole kilicholowa, akafika mtoni, akasoma midomo ikicheza. "Hapa anavuka," akasema. "Hapa yuko mjini. Mimi alinisomea hivi, kwa Kiswahili. Hakuna nyumba."

"Bandani ilikuwepo."

Alivua miwani. "Ngoja. Unajua kuna mahali alikuwa anafika, hafungui ukurasa? Anainua macho, anatazama barabara, anaongea tu, na nyinyi wote mnanyamaza. Halafu mnaniangalia mimi."

"Tulikuwa tunatazama kama lori linakuja. Ulikaa upande wa barabara, mama."

"Miaka yote ile!" Alicheka mpaka mboga zikaanguka mapajani. "Nilijua mnanisengenya! Nikawa naenda nyumbani naambia mzee wangu, wale watu wananisema na mizani yangu!" Kisha akajifuta macho. "Kwa hivyo ilikuwa nini? Niambie. Nimekaa nayo nikidhani ni matusi."

Nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisimulia kwa mdomo. Mto, nyumba, kibuyu, kitanda. Nilitegemea dada angesema ndani yangu nami nifuate, lakini sauti iliyotoka ilikuwa yangu, na Kiswahili kilikuwa changu, kile cha barabarani. Nikafika kwenye leso na tundu la moto. Nikaishia hapo.

"Eeh?"

"Hapo lori lilikuwa linafika."

"Hapa hakuna lori," akasema. "Malizia."

Nilitazama ukuta wa mabati. Nilitaka kumwambia siwezi, si yangu. Badala yake nikasikia nikisema kwamba mgeni aliuliza, nilikaa hapa siku ngapi? Na mwenye nyumba akamjibu, ulikaa mpaka ulipokumbuka kwamba umewahi kuja. Ulipokumbuka tu, ukaondoka. Kwa hiyo mgeni akaikunja leso, akaiweka juu ya kitanda, akaomba maziwa mengine, akakaa na kujaribu kwa nguvu zake zote kusahau.

Karani alivaa miwani yake tena. "Hiyo ni yake?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Ni yake," akasema. Lakini alisema kama watu wanavyokuambia msibani kwamba marehemu hakuteseka. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Chumba cha pili kutoka mwisho kilikuwa wazi, akasema, maji yako kwenye tangi, choo kule. Kuhusu kodi tungeongea kesho.

Chumba kilikuwa na kitanda na dirisha dogo. Niliweka begi chini, nikakaa, na sikukifungua kitabu. Niliogopa kwamba nikikifungua mtoni nitasikia mwisho ule, tena kwa sauti yake, na sitaweza tena kujua nani alisema nini.

Nje, mpangaji wa chumba cha jirani alikuwa amerudi, akakaa uani kumenya viazi. Karani akaanza kumwambia jambo kwa Kijaluo. Nilisogea mlangoni. Sikuelewa neno hata moja. Aliongea, akacheka kidogo, akaendelea. Kisha sauti yake ikashuka, na kisu cha yule jirani kikasimama juu ya kiazi. Nikajua alikuwa ameshafika kwenye nyumba ile ya baada ya mto, na sikuwa na njia ya kujua alikuwa anaweka nini ndani yake.