Pikapu Iliyolala Ziwani

Dizeli huamuliwa ikiwa baridi. Mtu akikuita uje uone pikapu anayouza, ukafika ukagusa boneti ukakuta lina joto, geuka urudi kwako. Huyo kaiwasha mapema ili isimwaibishe mbele yako. Kanuni hii nimewafundisha wengi, bure kabisa, na wengi wao hawakunisikia.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa dizeli pale Kirumba, na kilichonilisha kuliko spana kilikuwa macho yangu. Mtu akitaka kununua pikapu iliyotumika ananichukua alfajiri, nami naizunguka, nalala chini ya chesisi, nanusa oili, nasikiliza mlio, halafu natamka bei ya haki. Nilikuwa na hesabu yangu. Naanza na bei ya gari zima, natoa matairi yaliyolika, natoa nozeli, natoa kila mahali palipochomelewa, kinachobaki ndicho ulipe. Nilijivunia hesabu ile kama mwalimu wa chuo cha Butimba anavyojivunia chaki yake.

Kisha vikaja viwanda vya minofu, kila mwenye senti akataka pikapu ya kubebea sangara, na hesabu yangu ikawa takataka. Bei ya asubuhi haikufika mchana. Pikapu mbovu ya mwaka huu iliuzwa kwa bei ya nzima ya mwaka jana. Nikitaja bei yangu ya haki, wauzaji wananiuliza kama nimetokea duka la ushirika. Walinikera sana, hasa kwa kuwa walikuwa wanasema kweli.

Katika vurugu hiyo ndipo baba mkwe wangu alipopunguzwa kazini.

Mzee yule sikumpenda, na sitajifanya nilimpenda eti kwa sababu amekufa. Siku tulipokwenda kuposa nyumbani kwake Ilemela, mimi Mjita wa Musoma, yeye Msukuma mwenye ng'ombe kwao Magu, alitoka nje akanizunguka mara mbili. Akanitazama viatu, akanitazama meno. Wazee walikuwa wameshakubaliana ng'ombe kumi. Yeye akasema bei ya kila kitu imepanda, kwa nini ya binti yake ibaki chini, akataka kumi na tano. Hilo ningemsamehe, soko ni soko. Lakini mama yangu mzazi, mtu wa magoti mabovu, aliachwa amekaa juani juu ya jiwe kuanzia asubuhi hadi alasiri, hata maji ya kunywa hakupewa, mpaka upande wetu ulipokubali. Mama hakulalamika. Tulipokuwa tunarudi alisema tu kwamba lile jiwe lilikuwa la moto.

Nilimeza. Ukwe ni kumeza. Baba mkwe huketi naye sahani moja, humkatizi akisema, na utani naye ndiyo mwiko kabisa. Ukimwambia neno, liwe neno kamili. Kwa miaka sita nilimwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba fundi, basi, kila mtu akashika njia yake.

Kiwanda alichofanyia kazi kilipata mwenyewe mpya, naye akapewa kiinua mgongo, miaka ishirini na sita ya kuvuta vumbi la pamba ndani ya bahasha moja. Siku alipoipokea, pesa ile ingenunua pikapu safi na kubakiza ya kuezeka nyumba. Akangoja, eti bei zitashuka. Nani alimwambia bei zinashuka? Masika ilipoanza, pesa ileile ilitosha pikapu moja tu, tena kuukuu, na kila wiki ilizidi kunyauka mkononi mwake. Shamba la maana hakuwa nalo, ng'ombe walikuwa wamebaki wanne, na watoto wake wawili wa mwisho walikuwa bado sekondari. Pikapu hiyo ndiyo ingekuwa mshahara wake mpaka afe. Alijua, na alikuwa halali.

Akamtuma binti yake aniite. Kulikuwa na pikapu ya Mzaramo mmoja, mtu wa maneno mengi aliyekuja Mwanza kufanya biashara ya magari, na mzee alitaka niione kabla haijachukuliwa na wengine.

Sasa, Mzaramo na Msukuma ni watani, hilo halihitaji kufundishwa. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka mmpe chochote, na wewe uliyefiwa ukacheka na machozi usoni. Hakasirikiwi. Wale wawili walipoonana tu walianza, huyu anamwambia mwenzake mshamba wa pamba, yule anajibu mcheza ngoma asiye na kazi. Majirani wakasogea kusikiliza.

Pikapu ilikuwa nyeupe, rangi mpya. Niligusa boneti, baridi. Nikashangaa, nikasema moyoni huyu Mzaramo ana adabu.

Mzee akauliza bei. Mzaramo akaitaja, halafu akaweka mkono kifuani kama mtu anayeungama.

"Msukuma, usiinunue hii. Hii imezama. Ilirudi kinyumenyume kupakia samaki ikateleza mwaloni, ikalala ziwani siku mbili. Sangara wamezaa ndani. Nenda kanunue maksai umpande."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Baba mkwe alicheka kuliko wote, akajifuta macho, akamwambia imezama kwa sababu kwenu hamjui kuendesha kitu chenye matairi. Akamwambia anajaribu kumtisha ili amuuzie ndugu yake. Mzaramo akaapa kwa marehemu bibi yake kwamba imezama. Vicheko vikazidi.

Mimi nami nilikuwa nacheka, huku mkono uko chini ya dashibodi. Nikafungua kifuniko cha fyuzi. Ndani, kwenye kona, palikuwa na tope jembamba lililokauka, na ndani ya tope konokono mdogo wa ziwani, wale wanaonasa kwenye nyavu. Konokono hapandi fyuzi kwa miguu yake. Nikazunguka mbele, nikachungulia taa. Kioo kilikuwa na mstari wa maji kwa ndani, kama ule wa chai iliyoachwa kikombeni. Nikainuka. Mzaramo alikuwa ananitazama, na yeye peke yake pale alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amesema kweli kwa njia pekee ambayo haikumkosesha pesa. Sasa aliningoja mimi niseme kwa njia nyingine.

Baba mkwe akaniuliza, "Fundi, unaonaje?"

Nilikuwa na jibu. Injini iliyokunywa maji ya ziwa hukaushwa ikang'arishwa, itawaka, itavuta, na huku ndani kutu inakula taratibu. Nilijua itakufa na nilijua itamfia nani. Nikamwona mama juu ya jiwe, na moyo wangu, niseme ukweli, ukafurahi. Haukuona haya hata kidogo.

"Kwa bei za leo, baba," nikasema, "hutapata nyingine."

Neno hilo halikuwa la uongo, na nililichagua kwa sababu hiyo. Mzee akafungua bahasha.

Pikapu ilifanya kazi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini ilikuwa inatoka Igombe na samaki, injini ikagonga mara tatu ikakata. Mzigo ukaoza juani huku mzee ameketi kando ya barabara anafukuza mbwa. Wakaifungua mafundi wengine, mimi nilisema nina homa. Walikuta kutu mpaka kwenye pampu. Akauza ng'ombe wawili kutafuta spea, na spea nazo zilikuwa zimepanda. Akauza wawili waliobaki. Mwisho akauza milango, akauza matairi, na wale watoto wawili wakarudi nyumbani na masanduku yao ya shule.

Alimpeleka Mzaramo mbele ya wazee. Mzaramo akasimama akasema kwa upole kwamba alimwambia gari imezama, akataja na idadi ya siku, mashahidi wapo. Wazee walijitahidi wasicheke, wakashindwa. Mtani hashitakiwi kwa alichosema kwenye utani, na tena alichosema kilikuwa kweli. Wakamtoza jogoo mmoja, akaleta jogoo asiye na mkia.

Tulirudi na mzee hadi kwake, mke wangu akaingia jikoni kutupashia uji. Mzee alikaa mlangoni akaanza kunisema, kwanza taratibu. Fundi gani asiyeyajua maji, na kwao wamezaliwa majini. Akasema aliniamini kwa ujinga, kumbe Mjita anajua mtumbwi tu, gari haoni hata ukimwekea usoni. Akasema Kirumba nzima wanadanganywa na kipofu.

Jamani, nilikuwa nimebeba ubaya wangu miezi mitatu bila kuyumba. Ningeubeba hadi kaburini. Lakini kuitwa fundi asiyeona, hapana, hilo lilinishinda.

"Niliona," nikamwambia.

Akaniuliza niliona nini. Nikamwambia yote, tope, konokono, mstari kwenye taa, tena kwa madaha, kama mwanafunzi anayedai alama zake. Akauliza, kwa nini basi sikusema. Nikamwambia, mama yangu alikaa juani.

Alinitazama kwa dhati, anatafuta kichwani.

"Juani wapi?" akauliza.

Hakuwa anakumbuka. Si kwamba alijifanya, nilimsoma uso wote. Mambo ya jiwe lile hayakuwahi kuingia kichwani mwake hata siku moja.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na vikombe viwili vya uji, sijui tangu lini. Mzee hakupandisha sauti.

"Mzaramo aliniambia, nikacheka, kwa sababu yule ni mtani wangu. Wewe huna utani na mimi. Ungesema neno moja tu, ningeliamini."

Mke wangu akampa baba yake kikombe chake. Changu akakirudisha ndani, na jioni ile nikarudi Kirumba peke yangu.