Shujaa Aliyeitwa Musili

Nzuki, fundi wa viatu wa Kangemi, alizoea kucheza mchezo wa mtandaoni kwenye saiba, duka la kukodi intaneti, na mdogo wake Musili. Musili alipofariki mwaka wa 2008, shujaa wa mchezo waliyemlea pamoja alibaki kwenye akaunti, akiitwa jina lake.

Siku moja barua pepe yenye jina la kampuni ya mchezo ilimwambia Nzuki kwamba akaunti ingefutwa asipotuma neno la siri. Akalituma kwa hofu. Alipojaribu kuingia tena, akakataliwa.

"Kui, nisaidie! Siingii!"

Kui, mwenye saiba, alifungua ile barua pepe, akasoma anwani ya mtumaji. "Ona, jina ya kampuni imeandikwa vibaya. Hawa ni wezi. Wenye mchezo hawawezi kukuuliza neno ya siri."

Nzuki aliwaandikia wenye mchezo, akawasihi. Akaunti ilirudishwa, lakini wezi walikuwa wamemfuta shujaa. Nzuki akainamia kibodi, akalia kama siku ya mazishi.