Glasi Chafu ya Bi Inshirah

Kwa miaka ishirini na saba Bi Inshirah aliosha chupa za maabara katika shule moja ya wavulana hapa Aswan, na muda wote huo hakuruhusiwa kuchanganya hata maji na chumvi. Alipostaafu aligeuza jiko lake kuwa maabara. Mimi nakaa ghorofa ya juu yake, na nikisikia makofi Ijumaa najua yai limeelea kwenye maji ya chumvi, au zabibu kavu zinacheza kwenye soda.

Mwanafunzi wake ni mmoja tu: Shahd, mjukuu wa miaka mitano. Taabu ni mama yake Shahd, Nermin, mke wa mwanawe Bi Inshirah, mfamasia, mwanamke nadhifu kupita kiasi. Sijui kama hata jasho humtoka. Siku mtoto aliporudi nyumbani na madoa ya karkadee, kile kinywaji chekundu cha choya, gauni zima, Nermin alitoa onyo: uchafu mmoja zaidi, na Ijumaa za kwa bibi zimekwisha. Bi Inshirah alinisimulia huku akikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Aliogopa kweli.

Ijumaa iliyofuata nilishuka kuomba vitunguu, nikabaki. Huwa nabaki. Nermin alikuja kumchukua mtoto mapema, amechoka na jua. Bi Inshirah akanyakua glasi iliyokuwa mezani, akammiminia karkadee baridi. Glasi ikatoa povu, na kinywaji kikageuka buluu mbele ya macho yetu.

"Mama! Umeniwekea nini humu?"

"Ee Mola wangu! Magadi ya bajia za taamiya. Yalikuwa ya Shahd... sikuitazama glasi, mwanangu."

Aliyeosha glasi za watu maisha yake yote! Nilitaka kucheka, lakini nikaona ameanza tena kukunja pembe ya kitambaa cha meza, nikajizuia.

"Basi, imetosha," Nermin akasema. "Shahd, vaa viatu."

Shahd hakuvaa. Alipanda kiti, akashika nusu ya limau. "Ngoja kwanza, mama. Inaumwa kidogo tu. Leo mfamasia ni mimi."

Akakamua. Povu likapanda, likamwagika mezani, na chini yake wekundu ukarudi.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi. Ila hajui kwa nini inageuka. Anasema wewe ndiye unayejua."

Nermin alimgeukia mama mkwe wake. Kisha akaweka mkoba chini, akavuta kiti.

"Hebu leteni hayo magadi."

Tulimaliza nusu pakiti. Mezani zilisimama glasi saba, kila moja na rangi yake, kitambaa kimeharibika, na mkono wa blauzi ya Nermin una doa la zambarau ambalo sikumwambia. Jua lilipopungua makali, Bi Inshirah akaanza kukusanya glasi kuelekea kwenye sinki, kama alivyozoea.

"Kaa, Mama," Nermin akasema, akimpokonya. "Leo naosha mimi."

Bi Inshirah akakaa, hajui aiweke wapi mikono yake.