Adelina na Mpira Uliotekwa

Anayekutana na Adelina Mahona kwa mara ya kwanza huiona ndimu kabla ya kumwona mwenyewe. Ndimu hudondoka kutoka mkononi, hugusa ncha ya kandambili, huruka na kurudi kiganjani, na mwenye ndimu anaendelea na safari yake kutoka sokoni Kanyenye kwenda kwake Cheyo, akiamkia watu kushoto na kulia kana kwamba mguu ule si wake. Mumewe, Valentino, amekwisha kuzoea. Husema ndimu za nyumbani kwao hazina haja ya kukamuliwa, zinafika zimekwisha kulainika.

Mchezo huo aliujifunza utotoni kijijini Lusu, kwa mtawa kutoka Ireland aliyeitwa Sista Nuala. Mtawa alifika parokiani na mpira mmoja, akaomba isimamishwe milingoti mirefu, miwili kila upande wa uwanja, na mwamba ukatizwe katikati. Watu wakadhani anataka kuanika tumbaku. Kumbe ni magoli. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia chini yake ni tatu. Unaruhusiwa kuudaka, kuupiga teke, hata kuupiga ngumi, lakini ukikimbia nao, baada ya hatua chache lazima uudundishe chini, au uudondoshe mguuni na kuurudisha mikononi. Hapo ndipo wengi waliposhindwa. Kaka yake, Vedasto, alikuwa na mbio kuliko sungura, ila mpira ulimtoroka. Adelina hakuwa na mbio, ila mpira ulimfuata kama mbuzi anayejua aliyeshika chumvi.

Alicheza Lusu, akaolewa Cheyo, akacheza Cheyo, mpaka goti la kulia lilipoteguka. Daktari akamwambia achague kati ya mpira na kutembea. Akachagua kutembea, na jioni hiyohiyo akapita dukani kununua filimbi.

Vijana wa Cheyo walimcheka kocha aliyevaa kitenge. Walicheka hadi alipowakimbiza uwanja mzima, kila mmoja na ndimu yake mguuni, na anayeipoteza anachuma nyingine kwa jirani kwa kuomba kwa adabu. Baada ya majuma machache walikuwa wakimwita Mama Kocha, na nyumba za Cheyo hazikuwa na ndimu tena.

Lililobaki lilikuwa Lusu. Cheyo haikuwahi kuifunga Lusu, ambayo sasa kocha wake ni Vedasto mwenyewe. Ama walifungwa, ama mechi ilivunjika kwa kugombana na refa. Nikolaus, mwenyekiti wa timu, alichoka. Akatangaza kwamba mara hii Mama Kocha asiposhinda, hata ikiwa sare, filimbi aikabidhi kwake. Nikolaus huyo mchezo wenyewe hakuujua. Alikuwa bado akiuliza kwa nini wachezaji wanaunawa mpira.

Adelina hakulala vizuri, lakini aliamka na wazo. Refa awe Idrisa, fundi cherehani wa Kanyenye. Idrisa ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita nchi ya Wazaramo wakishuka pwani. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, unakikomboa, na hasira hairuhusiwi. Timu zote mbili ni Wanyamwezi watupu. Refa wa namna hiyo, nani angegombana naye?

Wazo lilifanya kazi ajabu. Jumamosi ile uwanja wa Cheyo ulifurika, Idrisa alipiga filimbi na kusimanga kwa pumzi ileile, na kila aliyeadhibiwa aliondoka akicheka. Jua likielekea kuzama, timu zilikuwa sawa kwa pointi. Cheyo wakapata pigo la adhabu mbele kabisa ya goli la Lusu. Pigo moja juu ya mwamba, na filimbi ya Adelina ingebaki shingoni mwake.

Idrisa akauokota mpira, akautia kwapani, akaketi katikati ya uwanja.

"Babu zenu walipita kwetu na mizigo, wakanywa visima vyetu vikakauka," alisema taratibu. "Leo nimepata cha kushika. Ukomboeni."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Akaletewa kuku, akamtazama, akasema kuku huyo amekonda kama mpagazi. Nikolaus akaja juu, akamwamuru aurudishe mara moja. Hapo watu wakashika vichwa, maana amemkasirikia mtani. Idrisa akamrudisha kuku kwa mwenyewe.

"Kwa hasira hiyo, bei imepanda. Pigo hili atapiga yule mama wa ndimu. Asipopiga yeye, mpira naukata nishone mito."

Adelina alihisi goti likimjibu kabla ya mdomo. Hakuwa ameupiga mpira wa kweli tangu lilipoteguka. Macho yote yakamgeukia Vedasto, kwa kuwa kocha si mchezaji na Lusu wangeweza kukataa. Vedasto aliangua kicheko.

"Mwacheni apige. Goti la dada yangu linalia kama mlango wa bohari."

"Mlango ukilia si ndio unafunguka, Veda?" Adelina alimjibu, na hapo hakukuwa na njia ya kurudi nyuma.

Giza lilikwisha kuingia, milingoti haionekani. Wakakubaliana pigo lisubiri Jumamosi ijayo.

Tangu siku hiyo mpira unaning'inia juu ya cherehani ya Idrisa, umevikwa kikoti kidogo chenye vifungo, na wateja wanauamkia. Lusu wamekwisha kukodi lori la kuja kushuhudia pigo moja tu. Nikolaus ameonekana akijifunza kupuliza filimbi nyuma ya nyumba yake. Adelina anapita Kanyenye kila siku, na Idrisa humwuliza, "Mtani, mguu umeamkaje?" Yeye humwambia umeamka na njaa.

Jana alinunua ndimu moja tu. Aliidondosha mguuni, lakini mara hii hakuidaka iliporudi. Aliiacha ishuke tena, akaipiga teke, goti limenyooka, ikapita juu ya waya wa kuanikia nguo, juu ya paa, ikapotelea kwa jirani. Goti lililia kidogo. Valentino akatoka jikoni akauliza kachumbari ataitia nini sasa.

Mkewe alikuwa akiutazama ule waya, akiukadiria, na Jumamosi ni keshokutwa.